Chungwa la Bwana Hasnain

Jumamosi, 2 Agosti

Bi Gulshan kaniita! Kamtuma mtu mpaka huku Michenzani, ghorofa ya nne. Watu hawapandi ngazi zetu kwa jambo dogo. Nikavaa kanzu safi nikenda.

Bi Gulshan ni mjane wa Bwana Hasnain, mwenye studio ya picha, Mungu amrehemu, mwaka wa sita sasa. Kwake nilikuwa fundi mkuu miaka kumi na tisa. Mafundi wengine hawakuwepo.

Nyumba ya Kiponda imeshafungashwa. Mabegi sita ukumbini. Bibi anahamia Kanada kwa mwanawe Abid, safari Jumapili ya wiki ijayo, na harudi tena. Kanikalisha, kanipa chai ya tangawizi, kisha kanitolea sanduku la slaidi.

Slaidi hizi si kama zenu. Bwana Hasnain alikuwa na kamera ya macho mawili. Ukibonyeza mara moja inatoa picha mbili, moja ya jicho la kushoto, moja ya jicho la kulia. Zinapachikwa pamoja kwenye fremu ya karatasi ngumu yenye madirisha mawili. Unaitia fremu kwenye kisanduku cha kutazamia, unakiweka usoni kama darubini. Kila jicho linaona picha yake, kichwa kinazifanya moja, na mambo yanasimama! Ukuta uko mbali kweli, mtu yuko karibu kweli, unataka kumpa salamu.

Sanduku zima lina picha moja tu ya Bwana Hasnain mwenyewe, maana yeye siku zote alikuwa nyuma ya kamera. Ile nilipiga mimi. Mwaka wa sabini na nane, Mtoni, kwenye magofu ya kasri. Kakaa juu ya ukuta, kanyoosha mkono wenye chungwa lililomenywa, anampa mkewe aliyesimama ubavuni pangu. Ukitazama kisandukuni, mkono unatoka nje ya picha unakujia wewe.

Sasa unyevu umeila ile fremu. Filamu mbili zimedondoka, ndogo kama kucha mbili za dole gumba. Nakala hakuna. Bi Gulshan kasema anataka kulipokea lile chungwa mara moja tena, hapa hapa Unguja, kabla hajaondoka. Huko anakokwenda hana hakika kama Hasnain atamtambua, ndani ya makoti yale ya baridi. Kaniuliza kama nnaweza kuzipachika.

Nikamwambia kuniuliza ni kunitukana.

Kusema kweli mpachikaji alikuwa Bwana Hasnain. Mimi nilishika taa. Lakini anayeshika taa ndiye anayeona vizuri kuliko wote.

Namshukuru sana yule bwana. Nilikuja kwake kutoka Makunduchi sijui hata herufi moja. Kanifundisha kusoma kwenye maboksi ya filamu, yale ya manjano. Mpaka leo nikiandika naona rangi ya manjano.

Nimerudi nyumbani nikajimiminia kahawa. Kikombe kikasogea. Mwanapili, mke wangu, kasema kikombe hakikusogea. Jicho langu la kushoto lina ukungu kidogo tangu mfungo wa mwaka jana. Si neno. Ni vumbi la mji.

Jumapili, 3 Agosti

Kazi imeanza. Rula, wembe, gundi. Fremu nimeikata kwenye kadi ya mwaliko wa harusi, ile nene yenye maandishi ya dhahabu. Harusi imeshapita, wenyewe wana watoto wawili, hawataidai.

Nimekata madirisha mawili. Moja limetoka kubwa kidogo. Nikaliongeza lile la pili. Likawa kubwa kuliko la kwanza. Nikarudi kwenye la kwanza. Ikabidi nichukue kadi ya harusi nyingine. Nashukuru ukoo wetu unaoana sana.

Mwanapili anashona kofia, zile za mkono, mjini wanamjua. Kaacha sindano kanitazama. Kasema, Baba Talib, filamu moja iko juu na moja iko chini. Nikamjibu, Mama Talib, wewe shughulika na vichwa vya watu, macho yao niachie mimi. Kasema haya. Akisema haya kwa sauti ile najua ameweka akiba ya maneno.

Filamu nimezipachika mbalimbali, kila moja katikati ya dirisha lake. Nimepima kwa rula. Zimenyooka kama safu ya askari. Nimetazama kisandukuni. Bwana Hasnain yule pale! Mzuri!

Alhamdulillahi kwa kuniumba na mkono usiotetemeka.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepeleka. Bi Gulshan kakaa dirishani, kakiweka kisanduku usoni. Hakukishusha. Nikajua kapigwa na uzuri.

Kisha kasema: Usi, mimi niliolewa na mume mmoja. Umeniletea wawili, na mmoja anapanda ngazi.

Kasema tena macho yake kila moja linakwenda njia yake, moja Bububu, moja Fumba. Kichwa kikamuuma. Ikabidi alale kidogo na kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Nikamwambia ni uchovu wa kufungasha. Kanitazama chini ya kitambaa, kacheka mpaka kitambaa kikaanguka. Namshukuru Mungu kwa bibi yule. Mwengine angenirushia kisanduku.

Kasema nijaribu tena, lakini Jumamosi ndiyo mwisho. Jumapili alfajiri anaondoka.

Kosa nimelijua. Si kosa langu, ni la meza. Bwana Hasnain alikuwa akipachika kwenye meza yenye mwanga kutoka chini. Mimi nimetumia meza ya kulia chakula. Nani anaweza?

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimekwenda kumpeleleza Mansour.

Mansour ana duka la picha za paspoti karibu na Darajani. Ana kompyuta, ana mashine ya kunakili, ana kiyoyozi. Kila kitu anacho ila elimu. Nilitaka kuona meza yake ya mwanga imetengenezwa vipi, bila ya yeye kujua nataka kuona. Kwa hiyo nikajifanya nataka picha ya paspoti.

Kanipokea kwa shikamoo kubwa ya dhihaka. Kasema, Mzee Usi, unasafiri? Nikasema mtu hajui siku yake. Kanikalisha kwenye kistuli. Nikakaa pembeni ya kistuli, karibu kabisa na kistuli, lakini si juu yake. Kaninyanyua. Duka lake halina mpangilio.

Meza nimeiona. Kioo, na taa chini ya kioo. Basi! Siri yenyewe ndiyo hiyo!

Habari nshampa mtu mmoja tu barazani, na Mansour ameshazipata. Kasema nimletee zile filamu azinakili kwenye kompyuta, zikipotea pawe na akiba. Nikamwambia vitu vya Bwana Hasnain haviingii kwenye mashine ya vitambulisho. Kasema, Mzee wangu, si wewe ulikuwa ukibeba miguu ya kamera? Watu dukani wakacheka. Nikamuuliza, kamera isiyo na miguu ni nini? Kanipiga picha.

Picha yangu imetoka mbovu. Jicho la kushoto jeupe, kama limepakwa tui la nazi. Nikamwambia kamera yake ina kasoro. Kaitazama picha, kanitazama mimi, kaacha kucheka. Kasema, Mzee Usi, kamera haina kasoro. Nikaondoka zangu.

Jumatano, 6 Agosti

Meza ya mwanga nimeijenga! Nimetoa kioo cha kabati la vyombo la Mwanapili, nikakiweka juu ya makopo mawili ya rangi, tochi ya simu chini yake. Vikombe vyake nimevipanga kitandani kwa adabu.

Filamu nimezibandua, nikazipima upya kwa rula. Juu ya ukuta sawa na juu ya ukuta. Hapana kupanda ngazi tena. Na nimezisogeza karibu karibu, macho yasikimbiane.

Tatizo moja. Ipi ya kushoto, ipi ya kulia? Zinafanana kama pacha. Bwana Hasnain alikuwa na kanuni yake. Kitu cha karibu kinaruka: kwenye picha moja chungwa limesogea upande huu wa ukuta, kwenye nyengine limesogea upande ule. Alikuwa akisema, Usi, inua kidole, funga jicho moja, kisha funga la pili, kidole chenyewe kitakwambia.

Nikainua kidole. Nikafunga jicho la kushoto. Kidole kipo. Nikafunga la kulia. Kidole hakikuruka. Kimepotea! Na ukuta umepotea, na Mwanapili kapotea, sauti yake tu nikiisikia inauliza kwa nini vikombe vimelala kitandani.

Kanuni imeharibika. Ni muda mrefu.

Nikatumia akili. Picha ambayo chungwa limesogea kulia ni ya jicho la kulia. Ambayo limesogea kushoto ni ya jicho la kushoto. Kila kitu na upande wake. Mtoto wa chuo cha Kurani angejua. Nikabandika kwa gundi nyingi, isitikisike safari hii, nikapeleka Kiponda kabla ya alasiri.

Bi Gulshan katazama. Hakulalamika kichwa. Hakusema wanaume wawili. Nikaanza kutabasamu.

Kakishusha kisanduku magotini. Kavua miwani kaifuta. Kasema polepole: Usi, mume wangu ananinyima chungwa.

Sikuelewa. Kanieleza. Ukuta umekuja mbele na Hasnain amezama nyuma yake. Kifua kimebonyea kama sufuria. Na mkono hautoki. Unarudi ndani, unakwenda mbali naye, na chungwa liko mwisho kabisa, kama mtu anayelificha.

Miaka arubaini na tatu, kasema, na hakuwahi kuninyima kitu.

Hakucheka leo. Kanipa chai kama kawaida, nikaimimina nusu kwenye sahani na nusu kwenye zulia lililokwisha viringishwa. Hakusema kitu juu ya zulia.

Nimerudi kwa miguu. Pale Michenzani wameongeza ngazi moja. Nimejikwaa.

Sina furaha leo. Lakini nashukuru chai ilikuwa ya tangawizi.

Alhamisi, 7 Agosti

Msiba! Halafu si msiba. Naandika kwa mpango.

Asubuhi nikazibandua filamu kwa mvuke wa birika, maana gundi ya jana ilikuwa ya kazi. Ya kwanza ikatoka, pembe imejikunja kidogo tu. Ya pili ikatoka. Nikaiweka mezani. Nilipogeuka, haipo!

Nimetafuta chini ya meza. Nimetafuta kwenye mchele. Nimetafuta ndani ya kofia zote za Mwanapili, kofia ishirini na moja. Nimetikisa mazulia. Mwanapili kapiga magoti pamoja na mimi, bila hata neno moja, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mke wangu akinyamaza bure ujue mambo ni mabaya.

Picha moja peke yake si kitu. Ni mtu kwenye karatasi. Bibi wa watu angeondoka Unguja mkono mtupu, na mtu aliyenifundisha kusoma ningekuwa nimempoteza mimi, kwa mvuke wa birika.

Alasiri ikaadhiniwa. Nikenda msikitini na kanzu ile ile, moyo mzito. Nikasimama safu ya mbele. Niliomba dua ndefu ambayo sitaiandika.

Baada ya salamu mtu kanigusa mgongoni. Mansour! Alikuwa safu ya nyuma yangu. Kainama sikioni, kasema, Mzee Usi, tulia, usitikisike. Akabandua kitu kwenye kanzu yangu, pale chini ya kiuno, penye gundi iliyonidondokea. Kakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Bwana Hasnain! Na chungwa lake! Rakaa nne ameswali na sisi, na katika maisha yake yote alikuwa na msikiti wake wa Makhoja.

Mansour kajizuia mpaka viatuni. Nje kashika ukuta kwa mikono miwili, kacheka mpaka machozi. Nikamwacha. Alikuwa na haki. Nikamwambia asante. Neno lenyewe lilitoka kavu lakini lilitoka.

Kasema gundi itaila filamu, twende dukani. Huko kaisafisha na ile ya pili kwa dawa yake na pamba, taratibu, kama anamfuta mtoto pua. Nikamruhusu. Kazinakili zote mbili kwenye kompyuta, nikajifanya natazama kiyoyozi. Kaniuliza, na kupachika je? Nikasema kupachika ni kwangu. Kafunga filamu kwenye karatasi safi, kanitia mfukoni mwenyewe, kafunga na kifungo.

Nimwandike mtu mwema? Ngoja kwanza. Alicheka sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimemruhusu Mwanapili anisaidie.

Ilikuwa hivi. Nimetoka Ijumaa nikamkuta kakaa kwenye meza yangu ya mwanga, sindano mkononi, filamu mbele yake. Nikapiga kelele. Kasema, Baba Talib, ondoka kwenye mwanga wangu.

Kanieleza huku anafanya. Kofia ina ukanda wa pembeni na kifuniko cha juu. Vinashonwa mbalimbali, lakini maua yao lazima yakutane. Ua la chini likikosana na ua la juu kwa unywele mmoja, mvaaji haoni, lakini kila anayemtazama anahisi kuna kitu. Kasema hizi filamu zako ni ukanda na kifuniko. Wewe unazipima kwa rula, na rula inapima karatasi. Pima ua.

Kavuta uzi mweusi juu ya kioo, toka kopo mpaka kopo, kaupitisha juu ya ukuta wa gofu kwenye filamu zote mbili. Uzi wa pili kaupitisha kwenye vidole vya Bwana Hasnain. Filamu moja ilikuwa imelala upande kidogo, mimi sikuiona, rula haikuiona. Kaisukuma kwa ncha ya sindano. Kidogo. Tena kidogo. Anapumua kwa pua tu, asizipeperushe.

Kushoto na kulia? Kasimamisha sindano mbele ya dirisha, kafunga jicho hili, kafunga lile. Kasema: jicho la kushoto linaiona sindano imekwenda kulia. Basi ile picha ambayo chungwa limekwenda kulia ni ya kushoto. Nikasema ndivyo nilivyotaka kusema. Kasema haya.

Kisha kazisogeza karibu zaidi, kwa sindano, huku kakiinamishia uso kisanduku chenye kadi, anatazama, anasukuma, anatazama. Kasema mkono umeanza kutoka. Bado umekwama dirishani. Sasa umetoka kiwiko. Sasa hapo. Hapo hapo! Mkono uko peke yake mbele, haugusi ukingo wowote, na ukuta umebaki nyuma kwa heshima zake. Kabandika kwa vipande vya utepe, vyembamba kama uzi. Gundi kaitupa kwenye taka.

Muda wote huo mimi nilishika tochi. Kazi ngumu. Mkono unakufa ganzi.

Kanipa kisanduku. Kasema tazama.

Nikatazama. Bwana Hasnain yupo, ukuta upo, chungwa lipo. Vizuri tu. Bapa kidogo, kama andazi la jana. Nikasema Mashaallah, umetoka!

Kaniuliza chungwa liko wapi. Nikasema mkononi. Kaniuliza mkono uko wapi. Nikasema begani.

Kisha kaniziba jicho la kulia kwa kiganja chake, kaniuliza vidole vingapi. Nikasema vya kutosha.

Kakiondoa kiganja. Sikuweza kumtazama. Kasema, tangu lini? Nikamwambia tangu mfungo wa mwaka jana. Kasema kwa nini hukuniambia, mume wangu? Nikamwambia fundi wa picha akitangaza jicho lake limekufa, nani atampandia ngazi ghorofa ya nne kumwita?

Kenda jikoni kapika kahawa. Hakukiweka kikombe mezani. Kanitia mkononi, kanifunga vidole juu yake.

Miaka arubaini na minne nimeoa. Sijui kama nshamshukuru vya kutosha. Kesho ntamshukuru. Leo kahawa ilikuwa moto.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumekwenda Kiponda wawili, Mwanapili na baibui jipya, mimi na kisanduku kifuani.

Ukumbi mtupu. Umebaki mkeka na kiti kimoja dirishani. Bi Gulshan kakaa. Mikono yake ilikuwa na baridi, nimeigusa nilipompa. Kasema, Usi, kama leo pia ananinyima usinibishie, nirudishie tu filamu zangu nizifunge. Nikasema sawa.

Kakiweka usoni.

Nikahesabu pumzi. Nikamtazama Mwanapili, Mwanapili kamtazama bibi.

Mkono wa kulia wa Bi Gulshan ukainuka wenyewe. Ukaenda mbele, polepole, vidole vimefunguka. Ukasimama hewani. Vidole vikafunga juu ya kitu ambacho sisi hatukioni.

Kasema maneno kwa Kikachi, lugha ya kwao, chini chini. Sikuyajua, lakini najua nani alikuwa akiambiwa. Kisha kacheka, machozi yanateremka chini ya kisanduku, kasema kwa Kiswahili: mtazame, limemenywa vibaya! Hakujua kumenya chungwa mpaka kufa!

Akatazama tena. Akatazama tena. Chai ikapoa. Namshukuru Mungu kwa kunifikisha siku hii.

Alipotulia, nikawaeleza kwamba zile mbili za mwanzo zilikuwa za majaribio, ili ya tatu ipate utamu wake. Bi Gulshan kasema naam, bila shaka. Kamshika Mwanapili mikono, kamshukuru kwa muda mrefu kuliko mimi. Wakanong'ona. Wanawake wakinong'ona mbele yangu mimi hutazama dari.

Kumbe! Bi Gulshan ana mtoto wa shoga yake, daktari wa macho. Kampigia simu pale pale. Kanigeukia, kasema, Usi, Jumatatu saa tatu unakwenda kutazamwa jicho, na hii ni zawadi yangu, na usinibishie. Kasema, wewe ulibonyeza ile kamera siku ile. Bila ya wewe mimi sina picha hata moja ya kuchukua. Nataka na wewe umuone akitoka ukutani.

Nikataka kusema jicho langu zima. Nikatazama dari.

Jumapili, 10 Agosti

Bi Gulshan kaondoka. Mabegi sita kayaacha yapakiwe na watu. Kisanduku kakitia mkobani, mkoba kaukumbatia. Mansour kaja kumuaga na karatasi ya nakala za filamu kwenye bahasha, kampa, kasema kampa kwa niaba yangu. Sikumtuma. Basi nimwandike: mtu mwema. Basi, imetosha.

Sikulia. Jicho la kulia limetoa maji kidogo. Linafanya kazi ya wawili.

Jumatatu, 11 Agosti

Kabla ya hospitali nimepita barazani. Wameshasikia mambo ya Kiponda. Nikawapa habari kamili: nimepachika mwenyewe, Mwanapili kanishikia tochi. Wakanipa pole ya kazi. Nashukuru kuishi na watu wanaojua kuthamini.

Hospitali, saa tatu kamili. Mwanapili kanishika mkono ngazini, nikamwacha anishike asije yeye kuanguka.

Sasa nieleze werevu wangu. Pale wanakupima kwa ubao. Ubao una alama kama kichana chenye meno matatu, mara meno yameelekea juu, mara chini, mara kulia, mara kushoto. Unazibwa jicho, unasema meno yameelekea wapi. Mimi nilikuwa mlangoni, na ndani yupo Mzee Silima wa Mkunazini, anasoma kwa sauti ya muadhini. Nikasikiliza, nikahifadhi. Juu, kulia, kulia, chini, kushoto! Nimehifadhi mistari minne. Kichwa changu nakishukuru, hakijawahi kuniangusha.

Nikaingia. Muuguzi, binti mmoja anaitwa Sumaiya, kaniamkia vizuri, kaniziba jicho la kulia. Giza jeupe tupu. Nikasoma. Juu, kulia, kulia, chini, kushoto. Mistari yote minne, bila kukwama, na mwisho nikaongeza alhamdulillahi.

Sumaiya kasema, Mashaallah babu, umesoma vizuri sana. Ila Mzee Silima alipotoka, ubao nimeugeuza juu chini.

Mwanapili kajifunika uso na mtandio. Mabega yanatikisika.

Daktari kaja na kitochi chake kanimulika. Kasema ni mtoto wa jicho, ameiva, kazi ya nusu saa tu. Kasema nikishatolewa ntaona kama zamani, karibu na mbali. Kasema Bi Gulshan ameshazungumza naye, nisiwe na wasiwasi. Nikamshika mkono sikuuachia. Nimemuombea yeye, na bibi wa watu huko safarini alipo, na Bwana Hasnain, na Mwanapili, na hata Mansour, na Sumaiya pia ingawa amenifanyia vile. Mungu amenizungushia watu wema kuliko ninavyostahili, na mimi nnastahili sana.

Upasuaji ni Alhamisi. Asubuhi yake watanipima tena kwa ubao.

Kesho nnarudi pale mlangoni mapema, kabla hawajafungua. Nimsikilize mtu ubao ukiwa umegeuzwa. Safari hii ntahifadhi pande zote mbili.